Mama anataka nirudi Moshi nikapone, kumbe mdogo wangu wa huko ndiye mgonjwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, mzaliwa wa kijiji kimoja cha milimani mkoani Kilimanjaro. Dar es Salaam niliingia mwaka 2001 na begi moja. Leo nina fremu ya vipuri vya pikipiki Kariakoo, mke ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto watatu. Tunaishi Kimara.

Jambo lenyewe lilianzia kwa fundi cherehani. Mwaka jana mtoto wetu wa kwanza alikuwa anapata kipaimara, nikaenda kushona suti. Fundi ni yuleyule aliyenishonea mwaka 2019, na daftari lake la vipimo ni lilelile. Akanizungushia tepu kiunoni, akaandika 41, kisha akafunua kurasa za nyuma akanionyesha: 37. Akasema, "Bosi, mji umekukubali." Nikacheka, nikamwachia na hela ya soda.

Wiki chache baadaye kulikuwa na watu wa afya wanapima bure Mnazi Mmoja. Jirani yangu wa fremu akanivuta twende. Sukari ikasoma 9 na kitu, ila nilikuwa nimeshakunywa chai na chapati mbili. Wakaniambia niende hospitali asubuhi nikiwa sijala. Nikaenda, ikasoma 6.7. Nikarudia baada ya wiki mbili, 6.5. Daktari akasema sijafika kwenye kisukari ila niko mlangoni, nipunguze uzito (nina kilo 96), nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Imepita mitano, sijarudi.

Mke wangu sikumwambia. Aliyeambiwa ni mama, tena nilijiropokea tu kwenye simu siku aliponiuliza kwa nini sauti yangu imechoka. Shangazi, ungejua nilichokianzisha. Marehemu baba alifariki mwaka 2012 kwa kisukari. Alikuwa dereva wa malori, miaka mingi barabara ya Dar na Tunduma. Kilianza kidole cha mguu, wakakata mguu chini ya goti, na miezi saba baadaye tukamzika. Kwa mama maelezo ni mamoja tu: barabara na mji ndivyo vilivyomuua. Babu, ambaye hakutoka kijijini, alipita miaka tisini akiwa bado anajikatia majani ya ng'ombe.

Basi Desemba tulipopanda kwenda kula Krismasi, nikakuta kikao kinanisubiri. Wajomba, shangazi zangu, mama katikati. Wameshaamua: fremu nimwachie binamu, familia irudi, nijenge kwenye kipande kilichobaki, nifuge, nile chakula cha nyumbani. Mama alilia mbele ya watu. Mke wangu alikaa kimya, akijua tu kwamba "mume wake amechoka." Tukiwa njiani kurudi alinambia neno moja: "Mimi sihami."

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni mdogo wangu. Ni kitinda mimba, miaka 38, na kwa mila yetu kihamba cha baba, yaani shamba la migomba la ukoo, kiko kwake. Nilimkuta amekonda hadi mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Nikadhani ni kazi na mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Asubuhi nikapita nyuma ya nyumba, pale chini ya mgomba ambapo yeye hukojoa usiku kwa kuwa choo kiko mbali, nikakuta sisimizi wamejipanga mstari kama wanaosubiri mgawo wa sukari. Baba naye ilikuwa hivyo hivyo. Nikanyamaza.

Siku ya tatu tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje, yeye amevaa yeboyebo. Nikaona damu chini. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo, na alikuwa ametembea nao kutoka dukani mpaka nyumbani. Hakuwa na habari! Akauchomoa kama mtu anayechomoa mwiba kwenye tairi, akacheka. Mimi sikucheka. Nilimbana mpaka akasema. Alipima kituo cha afya mwezi wa kumi, ikasoma 19. Akapewa vidonge vya metformin, akanywa wiki tatu, vikamharisha, akaacha. Sasa anakunywa unga fulani anaouziwa stendi na mtu mwenye spika. Mkewe hajui. Mama hajui. Akaniapisha: "Kaka, ukimwambia mama utakuwa umemuua."

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba siku hizi halimi. Kahawa waling'oa zamani. Anaendesha bodaboda, na pikipiki ni mimi niliyemtumia, mwaka 2018, nikijua nimemsaidia.

La mwisho naona aibu kuliandika. Ni miezi minne sasa chumbani mambo hayaendi. Mke wangu anadhani nina mchepuko. Ninaporudi saa nne usiku nimeshakula chipsi mayai Kariakoo, navuta shuka. Rafiki yangu mmoja ameniletea vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume, liko kwenye droo dukani, sijalifungua.

Shangazi, nirudi kijijini? Nivunje kiapo cha mdogo wangu? Na mke wangu nimwanzie wapi?

Mtoto wa kati, Kimara

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma jioni nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi. Umeuliza kuhusu kijiji, kiapo na mke. Lakini ninachokiona ni familia ambayo wanaume wake wanafichana ugonjwa, na wanawake wake wanatoa uamuzi bila kuujua. Mama analilia mtoto ambaye si mgonjwa sana, huku anayeumwa kweli ndiye anayemkamulia ng'ombe. Mkeo amekataa kuhama bila kuambiwa kwa nini anahamishwa. Sikulaumu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na wanaume waliokuja kliniki wakiwa wameshawaambia wake zao niliwahesabu kwa vidole.

Nivumilie nianze na namba zako, maana naona zimekuogopesha kwa namna isiyo sahihi. Mtu akipimwa asubuhi bila kula tangu usiku, kuanzia 7.0 ndiyo tunaita kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni hali ya katikati: mwili umeanza kushindwa kuisukuma sukari ipasavyo, lakini haujasalimu amri. Wewe una 6.7 na 6.5. Ile 9 ya Mnazi Mmoja iweke pembeni, ulikuwa na chapati mbili tumboni. Daktari alikwambia uko mlangoni, na mlango mtu anaweza kuugeuzia mgongo. Marekani watu wengi wenye hali kama yako walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa kilo zako 96, asilimia 7 ni karibu kilo 7. Hujaambiwa urudi kuwa yule kijana wa 2001.

Na yule fundi wako, laiti angejua. Inchi 37 ni sentimita 94, na hapo ndipo wataalamu wa afya wanapoanza kumwangalia mwanaume kwa jicho la pili. Ukivuka sentimita 102 wanakunja uso. Wewe 41 yako ni 104. Mafuta yanayojazana ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoifanya insulini, ile homoni ya mwili inayoshusha sukari, ifanye kazi kwa taabu. Sisi hapa tuliyageuza kuwa cheti cha kufanikiwa, hadi mtu akipungua majirani wanaulizana kama ana virusi. Kwa hiyo nakuelewa ulivyocheka na kuacha hela ya soda.

Sasa tuje kwa mama. Umemwandika kama mtu mwenye imani tu, lakini ana sehemu ya ukweli ambayo hata watafiti waliiona. Katikati ya miaka ya 1980, watu wazima wa vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara walipopimwa, wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Miaka ya 1990 wakalinganisha wanaume wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji kimoja cha Hai, hukohuko kwenu. Ilala walikuwa karibu asilimia 6, Hai hawakufika 2. Wengine wakaenda mbali zaidi: wakawafuata watu wapatao 200 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar, wakawapima kabla ya kuondoka na baada ya mwaka mmoja. Kabla, wanaume karibu wanane katika kumi walikuwa wanafanya kazi za kutoa jasho. Baada ya mwaka walibaki kama robo. Uzito ukapanda kilo 2 na ushee. Mwaka mmoja tu! Wewe una zaidi ya ishirini, na kazi yako ni ya kukaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, kisha kukaa kwenye foleni ya Morogoro Road, kisha kula saa nne usiku na kulala.

Kwa hiyo mama akisema mji unakuua, hasemi upuuzi. Ila ninapenda umuulize, au ujiulize kwa niaba yake: ni kijiji kipi anachokuitia? Umeandika mwenyewe, labda bila kuona ulichokiandika. Kahawa iling'olewa. Mdogo wako halimi. Anashinda amekaa juu ya pikipiki, na nina hakika kijiweni kwao kuna duka lenye soda na vinywaji vya kuongeza nguvu kama lilivyo la Kariakoo. Anayemkodi naye hatembei tena kwenda sokoni wala kanisani. Kile kilima babu alichokipanda na mzigo wa majani kichwani, wajukuu wanakipanda kwa pikipiki. Babu alilindwa na jembe, kilima na sufuria ya ndizi zisizokaangwa, akiwa na sukari ya dukani ya kuikopa tu. Kama angezaliwa 1986 kwenye kihamba hichohicho, sijui kama angefika tisini. Utafiti wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda, na hao si watu wa Kariakoo peke yao.

Kuna kitu kingine ambacho kikao hakikukitaja. Baba yako alikuwa nacho, mdogo wako anacho, wewe unakinyemelea. Hiyo ni damu. Mtu mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata kisukari ana hatari kubwa zaidi ya kukipata, akae Kimara au akae mlimani. Haimaanishi imeandikwa. Inamaanisha ninyi watoto wa marehemu hamna nafasi ya kubahatisha ambayo jirani yenu anayo. Na huyo mtoto wa kipaimara pia ni wa damu hiyo.

Kuhusu kurudi, basi. Sitakwambia rudi wala baki, lakini naomba tuyapime kwa mizani moja. Ukirudi, unaweza kupata usingizi wa mapema, hewa, kazi ya mikono, chakula kinachopikwa nyumbani. Hayo ni mambo ya kweli na mtu asikudharau ukiyatamani. Lakini kihamba si chako, ni cha mdogo wako, na mimi nimeona ndugu waliopendana kwa simu wakashindwana kwenye mpaka wa migomba. Mkeo ana kituo chake cha kazi. Fremu ukiiachia leo, kesho ukitaka kurudi Kariakoo utaulizwa kilemba, hela ya kuachiwa fremu, ambacho huna. Na mwanaume wa miaka 44 anayefika kijijini bila shughuli, mwenye heshima ya mtu wa mjini, anaitwa kwenye mbege saa nne asubuhi. Ndizi na ulezi hazijakuwa dawa ya mtu yeyote kwa kuwa ni za asili, hasa pale wapishi wanapoongeza sukari ili ichachuke haraka. Hiyo ni hatari ambayo mama haioni, maana kwake mbege ni chakula cha nyumbani.

Ukibaki, hatari ni nyingine, nayo inaitwa Jumatatu. Nitaanza Jumatatu. Daktari alisema miezi mitatu, imekuwa mitano. Sioni kama unahitaji mlima ili utembee: kutoka Kariakoo hadi kituo cha mwendokasi cha mbali kidogo ni dakika kumi na tano, na kurudi vilevile. Sioni kama unahitaji kihamba ili ule mtori. Lakini najua si rahisi hivyo. Anayefunga duka saa tatu usiku hawezi kupika, na chipsi mayai ndiyo inayomsubiri barabarani ikiwa ya moto. Chakula cha mchana ukikibeba kutoka nyumbani, lazima mtu wa nyumbani ajue kwa nini. Unaona tunavyorudi palepale kwa mkeo?

Ipo pia njia ya katikati ambayo hukuitaja. Wako wanaopanda Moshi kila baada ya miezi miwili badala ya kungoja Desemba, wakakaa siku nne, wakalima kweli, wakamwona mama. Ina gharama ya nauli na ya duka kufungwa. Lakini nadhani kilio cha mama pale kikaoni hakikuwa cha kisukari peke yake. Alimzika mume aliyekuwa barabarani maisha yote. Pengine anataka kumwona mwanawe akiwa bado ana miguu miwili.

Sasa mdogo wako. Hapa nitaongea kwa sauti tofauti kidogo, unisamehe, maana mambo mengine yana nafasi ya kusubiri na hili halina. Mtu ambaye msumari umemwingia unyayoni na hakusikia, mishipa yake ya fahamu imeshaanza kuumia. Kile kidonda kinatakiwa kuonwa na mtu wa afya wiki hii, kisafishwe, aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Sukari ya 19 pamoja na kukonda kwa haraka ni mwili unaojila wenyewe, kwa kuwa chakula kinapita bila kutumika. Watu wanadhani kisukari ni cha wanene, kwa hiyo mwembamba wa kijijini hapimwi, na anapokonda anaambiwa ni kazi au anarogwa. Kwa mtu wa umri wake aliyekonda hivyo, daktari atataka kujua kama vidonge vinatosha au anahitaji insulini, na kama anakohoa atapimwa pia kifua kikuu, maana maradhi hayo mawili hupenda kutembea pamoja. Na siku ukisikia anatapika, anahema kwa nguvu, amelegea na anasinzia, au mdomo unatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, hiyo si siku ya kutafuta unga wa stendi. Ni siku ya kutafuta gari.

Vidonge vilimharisha, naye akahukumu dawa nzima. Ni malalamiko ya kawaida mno kwa metformin. Mara nyingi hupungua mtu akianza na dozi ndogo na kuimeza pamoja na chakula, na ikishindikana zipo nyingine. Alichohitaji ni kurudi kusema "tumbo linanisumbua," lakini hakuna aliyemwambia kwamba inaruhusiwa kurudi na malalamiko. Yule mwenye spika stendi, yeye anasikiliza. Ndiyo maana anauza.

Na kiapo? Umeapishwa usimwambie mama. Kwa jinsi ulivyoandika, sikuona ukiapishwa usirudi kwa mdogo wako mwenyewe. Naona kama umekuwa ukichagua kati ya kunyamaza na kutangaza, na katikati yake pana uwanja mpana. Unaweza kumpigia kesho na kumwambia jambo ambalo hukumwambia Desemba: kwamba na wewe umepimwa, na namba zako hizi hapa. Alijifunua kwako, wewe ukabaki umevaa. Kaka akianza kusema "mimi pia," mara nyingine mdogo hupata pa kuegemea. Unaweza kumpa muda, wiki moja au siku kumi, amwambie mkewe mwenyewe, na ukajitolea kuwa naye siku ya kliniki, hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi, akitaka. Mkewe ndiye anayempikia na ndiye angeweza kumkagua nyayo kila jioni, kazi ambayo mtu asiyehisi hawezi kujifanyia vizuri. Akikataa yote hayo, utakuwa na uamuzi mgumu: uaminifu wako kwake dhidi ya mguu wake. Ukisema bila ridhaa yake, anaweza kukukasirikia miaka mingi na asikwambie tena kitu. Ukinyamaza, unajua baba alivyokwenda. Sina kipimo cha kukusaidia hapo, na yeyote anayekwambia ni rahisi hajawahi kuwa na mdogo.

Kuhusu pikipiki, mwanangu, hebu itue. Mwaka 2018 ulimtumia ndugu yako riziki, baada ya kahawa kumtupa. Kama ungetuma ng'ombe, usingejilaumu, na pengine angekuwa mgonjwa vilevile. Unaweza kumuuliza lakini kama zile yeboyebo haziwezi kubadilishwa na viatu vya kufunika. Mwuza vipuri kama wewe hukosi mtu wa kumtumia jozi moja kwa basi la asubuhi.

Nimeliacha la chumbani mwisho kwa sababu na wewe uliliacha mwisho. Umeliandika kwa mistari michache kuliko msumari, lakini nadhani ndilo lililokushikisha kalamu. Kwa mwanaume, sukari inapokaa juu huumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na ile ya sehemu za siri ni miongoni mwa inayosikia mapema. Presha ya damu nayo huchangia, baadhi ya dawa pia, pombe, uchovu, usingizi mbovu. Na hofu. Umepimwa, ukakumbuka mguu wa baba, mambo yakagoma siku moja, ukaogopa siku ya pili, siku ya tatu ukavuta shuka kabla ya kujaribu. Nisingependa kudai ni kipi kati ya hivyo, maana kwa namba zako inawezekana ni hofu zaidi ya sukari. Daktari anaweza kupima, ukimwambia. Mwambie hili pamoja na lile la miezi mitatu, kwa siku moja. Presha akupime pia. Ni aibu ya dakika mbili, na amelisikia asubuhi hiyohiyo kwa mwingine.

Vumbi la droo sijui lina nini, na anayeuza naye hajui. Nyingi za dawa hizi za kupita mkononi huchanganywa na dawa za hospitalini bila kipimo, na kwa mtu mwenye presha au moyo ambao haujakaguliwa ni kamari. Nimefurahi hujalifungua. Nimejiuliza tu kwa nini hujalitupa.

Mkeo, kwa sasa, ana hadithi moja ya kueleza kuchelewa kwako, kula nje, kulala umegeuka: mwanamke mwingine. Unaogopa akijua ukweli atakuona dhaifu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba ukweli ni mwepesi kwake kuliko alichokibeba tangu miezi minne. Hatari ipo, sitaificha: anaweza kuumia kwamba mama mkwe alijua kabla yake, kisha wajomba, kisha kikao kizima, naye akakalishwa pale kama mgeni. Hapo nadhani una deni la kuomba radhi kabla ya kueleza. Pa kuanzia umepauliza. Si lazima uanze na chumba. Wengine huanza na karatasi ya kipimo mezani, wengine na "kumbuka siku ile ya fundi." Wengine humwomba mwenza wasindikizane kliniki na kuachia njia ifungue mazungumzo, maana wanaume wengi wa umri wako huongea vizuri zaidi wakiwa wanaangalia mbele kuliko wakitazamana. Mwalimu anayefundisha watoto kwa mwaka mzima ana subira kuliko unavyomkadiria, lakini wewe ndiye unayemjua, si mimi.

Na akishajua, lile neno lake "mimi sihami" linaweza kubaki vilevile au likabadilika. Angalau litakuwa jibu la swali aliloulizwa.

Niandikie tena mwanangu, hata mistari mitatu. Kabla ya mambo ya kuhama au kutokuhama, nitapenda kusikia ule unyayo wa mdogo wako umefikia wapi.

Shangazi yako